Fedha za Kusikiliza Ardhi

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, muda mfupi baada ya saa tisa alasiri, ardhi ya mkoa wa Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu 17 walithibitishwa kupoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa, na majengo ya shule kongwe za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya. Wengi wetu tunayakumbuka yaliyofuata: michango, mahema, mabati, saruji, na hatimaye kashfa ya akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa jina lililofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa, kashfa iliyowaondoa kazini viongozi waandamizi wa mkoa na manispaa kabla mwezi haujaisha. Kwa majuma kadhaa taifa zima liligeuka kuwa mkaguzi wa hesabu. Kila mfuko wa saruji ulikuwa na mtu wa kuuulizia.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Bukoba, alinijia ofisini wakati huo akiwa na swali ambalo sikuweza kulijibu. "Mwalimu," alisema, "fedha za baada ya tetemeko tunazifuatilia mpaka senti ya mwisho. Je, zile za kabla yake? Nani alikuwa akilipwa kuisikiliza ardhi ya kwetu, na nani alikuwa akimkagua?" Nilimwambia nitalitafutia jibu. Nimechukua miaka mingi kuliko inavyomstahili mtu aliyeuliza kwa adabu namna ile, na jibu nililolipata linaanzia mbali na Kagera, ingawa linapita Nairobi na Goma.

Nimeichagua historia ya Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi iliyoandika kwa uwazi mkubwa namna inavyotafuta, inavyogawa na inavyokagua fedha za utafiti wa matetemeko, kiasi kwamba aibu zake nazo zimo kwenye kumbukumbu. Pili, baadhi ya fedha hizo zilifika Afrika Mashariki kwa njia ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia.

Tuanze San Francisco. Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 mji huo ulipigwa na tetemeko lililofuatiwa na moto wa siku kadhaa, na watu wapatao 3,000 wakafa. Gavana wa California aliteua tume ya wanasayansi siku tatu tu baadaye, chini ya mwanajiolojia Andrew Lawson, lakini hakuipa tume hiyo fedha yoyote. Ripoti kubwa iliyochapishwa kuanzia mwaka 1908, ambayo hadi leo wataalamu huirejelea, ililipiwa na Taasisi ya Carnegie, yaani na mali ya tajiri mmoja. Wafanyabiashara wa mji hawakupenda hata neno "tetemeko" litajwe. Walitaka msiba ule uitwe "moto". Moto hulipiwa na bima, na mwekezaji haogopi mji uliowahi kuungua kama anavyoogopa mji ambao ardhi yake haitulii. Japani ilikuwa imetenda kinyume chake. Baada ya tetemeko la Nobi la mwaka 1891, lililoua zaidi ya watu 7,000, serikali ya kifalme iliunda mwaka uliofuata kamati ya kudumu ya kuchunguza matetemeko, yenye fungu lake katika hazina ya dola. Kwa hiyo nchi maskini zaidi ndiyo iliyotangulia kuona kwamba kazi hii ni ya serikali, jambo linalofaa kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba utafiti ni anasa ya matajiri.

Huko Marekani elimu ya matetemeko iliishi kwa nusu karne kama yatima, ikilelewa na vyuo vichache na mapadri Wajesuiti waliokuwa na vipima-mitetemeko katika shule zao. Kilichoitoa katika ufukara huo ni bomu.

Mwaka 1958 wataalamu kutoka kambi mbili za Vita Baridi walikutana Geneva kujadili kama inawezekana kuyabaini majaribio ya mabomu ya nyuklia kutoka mbali. Majaribio ya hewani yalionekana kubainika bila shida kubwa. Tatizo lilikuwa yale ya chini ya ardhi, kwa kuwa bomu lililolipuliwa shimoni hutoa mtetemo, na vipima-mitetemeko vya wakati ule havikuweza kuutofautisha kwa uhakika na tetemeko dogo la kawaida. Mwaka uliofuata jopo lililoongozwa na Lloyd Berkner liliishauri serikali ya Marekani kwamba bila kuikuza elimu ya matetemeko hakuna mkataba wa kusitisha majaribio utakaoweza kusimamiwa. Ghafla fedha zikapatikana. Zilitoka Wizara ya Ulinzi, kupitia mradi uliopewa jina la Vela Uniform, na sehemu yake ikajenga mtandao wa vituo takriban 120 katika nchi na visiwa vingi vya dunia, kila kituo kikiwa na vifaa vya aina moja na saa zilizolinganishwa. Nairobi ilikuwa na kituo. Addis Ababa nayo ilikuwa nacho.

Nawaomba wanafunzi wa historia watue hapa kidogo. Tumezoea kuisimulia miaka ya mwanzo ya 1960 katika eneo letu kwa bendera, katiba na vyama. Katika miaka hiyohiyo, palepale Nairobi, mashine ilikuwa ikichora mstari kwenye karatasi ya picha mchana na usiku, na karatasi hizo zilisafirishwa Marekani, zikanakiliwa kwenye filamu ndogo, kisha nakala zikauzwa kwa bei nafuu kwa mtafiti yeyote aliyezitaka. Mkataba uliotiwa saini Moscow mwezi Agosti 1963 ulipiga marufuku majaribio ya angani, majini na anga za juu, ukayaacha yale ya chini ya ardhi, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya ubishi juu ya ukaguzi. Hivyo mashine hazikuumaliza mzozo ziliokusudiwa kuumaliza. Zilifanya jambo jingine. Zilipolinganishwa kumbukumbu za vituo vyote, ilionekana wazi kwamba matetemeko ya dunia hayakutawanyika ovyo. Yamejipanga katika mikanda myembamba, na namna miamba inavyoteleza katika mikanda hiyo iliafikiana na nadharia mpya kwamba uso wa dunia umegawanyika katika mabamba yanayosogea. Ufahamu tulionao leo wa Bonde letu la Ufa, kwamba ni mahali ambapo bara linachanika polepole, umejengwa kwa sehemu juu ya fedha zilizotolewa ili Warusi wasidanganye.

Na fedha za namna hiyo huondoka kwa sababu zilezile zilizozileta. Jeshi lilipopunguza hamu yake, vituo vilikabidhiwa idara za kiraia ambazo hazikuwa na mfuko wa kutosha, na kufikia miaka ya 1970 mtandao ule ulikuwa umeanza kuchakaa. Bunge la Kenya halikuwahi kuulizwa kama lilitaka kituo kile kijengwe, wala halikuulizwa kama kiachwe kidhoofike.

Wakati huo Wamarekani wenyewe walikuwa wakikumbushwa na ardhi yao. Tarehe 27 Machi 1964 Alaska ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 9.2, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini humo. Mwaka 1965 jopo la Frank Press lilipendekeza mpango wa miaka kumi wa utafiti wa kutabiri matetemeko. Pendekezo lilipokelewa kwa heshima na kuwekwa kando, kwa kuwa vita vya Vietnam vilikuwa vikizimeza fedha. Mwezi Februari 1971 tetemeko la San Fernando, karibu na Los Angeles, liliua watu wapatao 65, wengi wao katika hospitali ya maveterani iliyoporomoka. Mwezi Februari 1975 China ilitangaza kwamba imewahamisha watu wa Haicheng kabla ya tetemeko, na dunia ikaamini kwamba utabiri umekwisha kuwezekana. Mwaka mmoja na nusu baadaye tetemeko la Tangshan likaua Wachina zaidi ya 240,000 bila onyo lolote. Huko California, mwanzoni mwa 1976, wataalamu walitangaza kwamba ardhi ya eneo la Palmdale imevimba, ishara, walidhani, ya tetemeko kubwa linalokuja. Uvimbe huo baadaye ulitiliwa shaka kubwa, na wengi wakauhesabu kuwa ni makosa ya vipimo. Ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake: tarehe 7 Oktoba 1977 Rais Jimmy Carter alitia saini Sheria ya Kupunguza Hatari za Matetemeko ya Ardhi.

Sheria hiyo inastahili kusomwa na mtumishi wa umma yeyote anayeandaa bajeti. Haikuishia kusema kwamba serikali itafanya utafiti. Iliunda mpango mmoja wa taifa ambamo Shirika la Jiolojia linapima na kuchora ramani za hatari, Mfuko wa Taifa wa Sayansi unagharimia watafiti wa vyuo, taasisi ya viwango inashughulikia uimara wa majengo, na idara ya maafa, iliyoundwa miaka miwili baadaye, inapeleka maarifa hayo kwa majimbo na miji. Ilidai taarifa ya kila mwaka ipelekwe bungeni. Iliweka viwango vya fedha kwa miaka michache tu, ili viongozi wa mpango walazimike kurudi mbele ya wabunge, kueleza walichofanya na kuomba tena.

Wasomaji wangu walio serikalini wataitambua mara moja kasoro iliyojificha humo. Huko kama huku, fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizotolewa ni vitu viwili. Kamati moja ya Bunge la Marekani hupitisha sheria na kutaja kiasi kinachofaa. Kamati nyingine, mwaka hadi mwaka, huamua kiasi kitakachotoka kweli. Kati ya kamati hizo mbili yameanguka mambo mengi mazuri.

Katika miaka yake ya mwanzo mpango uliahidi kupita kiasi. Neno lililouza sheria ile lilikuwa utabiri, na wanasayansi hawakufanya haraka kulipunguza. Mwaka 1985 serikali ilitoa tamko rasmi kwamba kijiji cha Parkfield, California, kitapata tetemeko la kipimo cha 6 hivi kabla mwaka 1993 haujaisha. Hesabu ilikuwa rahisi mno: kijiji hicho kilikuwa kimetikiswa mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, wastani wa miaka 22. Vifaa vya kila namna vilirundikwa pale. Mwaka 1993 ukapita kimya. Tetemeko lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, limechelewa miaka kumi na moja, na mashine zote zile hazikuona dalili ya wazi kabla yake. Kwa mwanasiasa huo ni mradi ulioshindwa. Kwa sayansi, hakuna tetemeko lililokuwa limewahi kunaswa kwa ukaribu kiasi kile, na kutokuona dalili kulikuwa jibu lenye thamani kubwa. Tatizo ni kwamba jibu la namna hiyo halina mahali pa kuandikwa katika jedwali la malengo na mafanikio.

Kuna tukio moja dogo la kipindi hicho ninalolipenda kuliko la Parkfield. Mtafiti mmoja wa idara ya madini ya Marekani alidai kwamba pwani ya Peru ingekumbwa na matetemeko makubwa katika mwaka 1981, na hofu ikaenea Lima. Mwezi Januari mwaka huo baraza la serikali la kutathmini utabiri wa matetemeko lilimwita, likamsikiliza, likamhoji kwa kina, kisha likatangaza hadharani kwamba hoja yake haina msingi. Tarehe zilizotajwa zikapita salama. Tukisema usimamizi, akili zetu hukimbilia risiti na hati za malipo. Huu nao ni usimamizi: kuwa na chombo chenye mamlaka ya kumwambia mtaalamu, mbele ya watu, kwamba amekosea.

Mwaka 1995 unaeleza yaliyobaki vizuri kuliko mwingine wowote. Tetemeko la Northridge la Januari 1994 lilikuwa limeivunja sehemu ya Los Angeles, na lile la Kobe la Januari 1995 lilikuwa limeua Wajapani 6,434. Ungedhani ni mwaka wa neema kwa watafiti. Badala yake wabunge wapya mjini Washington, walioshinda kwa ahadi ya kupunguza serikali, walipendekeza Shirika la Jiolojia lifutwe kabisa. Shirika lilinusurika, kwa msaada wa waliokumbushia upya kazi zake. Mwezi Septemba mwaka huohuo Ofisi ya Tathmini ya Teknolojia, chombo cha bunge lenyewe cha kuchambua mambo ya kisayansi, ilichapisha ukaguzi wa kina wa mpango wa matetemeko. Ilisema mpango umeleta maarifa mengi lakini hauna malengo yanayopimika, na kwamba maarifa hayo hayawafikii wajenzi wa nyumba kwa kasi inayotakiwa. Ulikuwa ukosoaji wa haki. Mwishoni mwa mwezi huohuo bunge liliifunga ofisi hiyo ili kubana matumizi. Mkaguzi alitoa ripoti, kisha akafutwa kazi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 2000 sheria iliidhinisha mtandao wa kisasa wa vituo vipatavyo 7,000, kwa takriban dola milioni 170 katika miaka mitano. Fedha zilizotoka zilikuwa sehemu ndogo ya hizo, na zaidi ya muongo mmoja baadaye mtandao haukuwa umefika nusu. Mwaka 2004 uongozi wa mpango ulihamishwa kutoka idara ya maafa kwenda taasisi ya viwango. Mwaka 2009 muda wa viwango vya fedha katika sheria ulikwisha, na havikuhuishwa mpaka Desemba 2018; kwa miaka tisa mpango uliishi kwa mgao wa kila mwaka tu. Mwaka huohuo wa 2009 gavana mmoja wa kusini mwa Marekani, katika hotuba ya kitaifa ya televisheni mwezi Februari, aliyataja matumizi ya kufuatilia volkano kuwa mfano wa ubadhirifu. Mwezi Machi volkano ya Redoubt ililipuka Alaska na majivu yake yakausimamisha uwanja wa ndege wa Anchorage. Sikusimulia haya ili kumcheka. Gavana yule alitoka jimbo la vimbunga, na sidhani angeyataja matumizi ya kufuatilia vimbunga.

Sasa turudi kwetu. Kusini mwa Goma kuna Ziwa Kivu, kaskazini yake kuna Nyiragongo, na katikati wanaishi watu wanaozungumza Kiswahili kama wewe na mimi. Mji huo una kituo cha uangalizi wa volkano ambacho kazi yake kubwa ni kusikiliza mitetemo ya ardhi. Ni taasisi ya serikali ya Kongo, lakini kwa miaka mingi vifaa vyake na uendeshaji wake vimetegemea wageni: mtandao wa vipima-mitetemeko uliojengwa na watafiti wa Ubelgiji na Luxembourg wakishirikiana na Wakongo, na mradi wa Benki ya Dunia uliofikia ukomo mwaka 2020. Mradi ulipokwisha, kituo kilikosa hata fedha za intaneti, na kwa miezi kadhaa, hadi Aprili 2021, takwimu hazikuweza kukusanywa ipasavyo. Wafanyakazi walilalamika hadharani juu ya mishahara na juu ya matumizi ya fedha za wafadhili. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka bila serikali kutoa onyo, na watu wapatao 30 wakafa.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba kukatwa kwa fedha ndiko kulikoua. Ukweli una miiba zaidi. Uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba magma ilikuwa tayari karibu na uso wa mlima, na kwamba dalili zilizoweza kutambulika zilitangulia mlipuko kwa chini ya saa moja. Hata kituo kilicholipiwa kila kitu huenda kisingetoa onyo la kuwafaa watu. Lakini vifaa hivyohivyo, katika siku zilizofuata, vilionyesha magma ikisafiri chini ya mji kuelekea ziwani, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Malaki ya watu waliondoka. Mlipuko wa pili haukutokea. Kwa hiyo katika juma moja kituo kilionekana kushindwa pale ambapo pengine kisingeweza kushinda, na kikaonekana kutia watu hofu pale kilipofanya kazi yake. Taasisi ya namna hiyo inahitaji msimamizi anayeielewa, mwenye subira ya kusoma takwimu na ukali wa kudai hesabu. Mfadhili wa mradi wa miaka mitano hawezi kuwa msimamizi huyo. Kalenda yake ina tarehe ya mwisho.

Kituo cha Kilimambogo, Kenya, kingali kikisikiliza. Kimo katika mtandao wa kimataifa wa kusimamia mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Bomu lingali linatulipia sehemu ya sikio letu.

Mwanafunzi wangu wa Bukoba sasa ni mtumishi wa halmashauri moja, na bado sijampa jibu kamili. Tanzania inayo taasisi ya jiolojia yenye makao Dodoma, na matetemeko ni sehemu ya kazi zake. Ninachohitaji ni mambo manne, na najua kati ya wanaonisoma wapo walio karibu na vitabu vya bajeti: fungu la ufuatiliaji wa matetemeko limo ukurasa gani, limeidhinishiwa kiasi gani katika kila mwaka tangu 2016, limepokea kiasi gani, na ni lini kamati yoyote ya bunge ilimwita mtu kumuuliza. Mwenye kuyapata aniandikie. Nitayachapisha hapa kama yalivyo, na nakala ya kwanza itakwenda Bukoba.